Bastola Iliyoandikwa Jina la Nabalayo

Shiundu alizikwa bila Nabalayo kuwepo.

Mwili ulisafirishwa hadi Kimilili, nyimbo zikaimbwa, udongo ukarudishwa kaburini. Mwanamke aliyemlea marehemu tangu akiwa mtoto wa darasa la pili alikuwa ameketi kwenye sakafu ya seli jijini Nairobi, akishukiwa kuwa ndiye aliyemuua. Ukoo ulimtumia ujumbe mfupi kwa simu ya mwanasheria. Hata akiachiliwa, asikanyage matanga.

Ambaye hakuwa nasi wiki zilizopita na ajue mambo yalivyofikia hapo.

Nabalayo na mumewe Walubengo walikuwa na duka la jumla Kibera, la unga, sukari na mafuta ya kupikia, na jingine dogo Kawangware. Nyumbani kwao ni mtaa wa Nyayo Highrise, jirani na Kibera. Majambazi walipowavamia dukani kwa mara ya pili, kila mmoja aliomba leseni ya kumiliki silaha, na kila mmoja akapewa. Wakanunua bastola mbili siku moja kwa muuzaji mmoja. Nyeusi zote, aina moja, zimefanana kama mapacha. Zililala kwenye sefu moja chumbani.

Ilipofika zamu yao ya kubadilisha vijitabu vya leseni wapewe kadi, walienda pamoja. Bastola zikawekwa mezani pamoja. Karani akaisoma namba ya bastola ya mume akaiingiza kwenye jina la mke, na ya mke akaiingiza kwenye jina la mume. Hakuna aliyegundua. Nani husimama kusoma namba ya kitu anachojua ni chake?

Kisha Shiundu, mdogo wake Walubengo, akakutwa amepigwa risasi kwenye kijia kinachoteremka kutoka upande wa Highrise kuingia Kibera. Bastola iliokotwa mtaroni, maji machafu yamekwisha kuiosha alama zote za vidole. Polisi walipoitafuta namba yake kwenye kompyuta, jina lililotokea lilikuwa la Nabalayo.

Aliwafungulia sefu mwenyewe, bila wasiwasi, awaonyeshe kwamba yake iko. Wakaisoma namba. Wakamwambia hiyo ni ya mumewe.

Alimgeukia Walubengo ili awaeleze. Miaka yote Walubengo alikuwa akimwona akiitia bastola hiyohiyo kwenye mkoba kila asubuhi. Walubengo alitazama chini, kisha akasema polepole, "Hii ni yangu. Yake sijui iko wapi."

Sentensi hiyo ndiyo iliyompeleka Nabalayo ndani.

Na kulikuwa na jingine. Siku moja kabla ya kifo chake, Shiundu alifika dukani akamwambia shemeji yake jambo ambalo lilikuwa limemkosesha usingizi. Kwamba kaka yake ana mwanamke Kabiro, kule Kawangware, aitwaye Mourine, na wana mtoto. Nabalayo hakutaka kusikia. Alimfukuza mbele ya wateja, akamwita mwongo na mvunja nyumba za watu, akamwambia hataki kumwona tena machoni pake.

Hakumwona tena. Na wateja waliosikia waliwaeleza polisi.

Hapo ndipo tulipo leo.

Aliyemtoa Nabalayo seli si mtu wa ukoo wala wa kanisa lake. Ni Muthoni, mwenye plot za kupangisha Kawangware, ambaye Nabalayo alikuwa mpangaji wake wa duka kwa miaka mingi. Muthoni alipeleka mahakamani hati ya plot yake kuwa dhamana, akamchukua nyumbani kwake, akampa chumba kilichokuwa cha binti yake aliyeolewa Nyeri. Hakumuuliza kama aliua. Alimuuliza tu kama anakunywa chai ya tangawizi.

Kesi ilikuwa haijaanza kusikizwa. Mwanasheria alimwambia Nabalayo kuwa kila kitu kinasimama juu ya ile namba. Rekodi ikibaki ilivyo, bastola iliyoua ni yake, na hana wa kumtetea, kwa sababu jioni Shiundu alipouawa alikuwa peke yake nyumbani akilia. Rekodi ikirekebishwa, kesi inageuka.

Kwa hiyo alienda katika ofisi ya leseni za silaha.

Afisa aliyempokea aliitwa Muia, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamweleza kwamba si mara ya kwanza mwenye silaha kufika pale na kulalamika namba yake imekosewa. Kuna waliokamatwa vizuizini barabarani kwa sababu ya tarakimu moja. Kuna wajane ambao waume zao walikwisha kuzikwa na kompyuta bado inasema wana silaha. Lakini hizo zote zilikuwa kasoro bila maiti. Hii yake ina maiti, na anayeomba marekebisho ndiye anayeshtakiwa.

Alimwomba alete mtu. Asiwe ndugu yake wala mfanyakazi wake. Mtu aliyewahi kuiona bastola ile ya mtaroni mikononi mwa Walubengo na anaweza kuitambua.

Kuitambua kusingekuwa kazi. Mpini wake ulikuwa umezungushwa mpira mweusi wa tyubu ya baiskeli. Walubengo aliufunga mwenyewe, kwa sababu viganja vyake hutoka jasho. Polisi walipomuuliza, alikana. Alisema mkewe ndiye mwenye jasho.

Nabalayo alirudi Kawangware akiwaza ni nani huyo. Mumewe hakuwa mtu wa kuonyesha silaha. Aliificha chini ya shati hata kanisani. Ni nani basi aliyewahi kumwona akiivua na kuiweka mezani, kama mtu aliyefika kwake?

Jibu lilipomjia, lilikuwa lile jina alilolitaja Shiundu dukani: Mourine.

Kesho yake mwanawe Austin alimletea nguo. Austin ndiye mtoto wake wa pekee, kijana wa chuo, mrefu kama baba yake. Alikuwa amekonda. Alisimama langoni kwa Muthoni na mfuko mkononi, akakataa kuingia, akakataa chai. Nabalayo alimweleza kuhusu Muia, kuhusu shahidi anayetafutwa, akidhani habari hiyo itampa mtoto matumaini.

Austin alisikiliza akitazama barabara.

"Mum," akasema, "na ukiacha tu hiyo story ya namba? Lawyer atafute njia ingine."

Akaondoka kabla ya kujibiwa. Nabalayo alibaki ameshika mfuko wa nguo, akijiambia kwamba sasa hata huyu amemwamini baba yake. Alilia mpaka Muthoni akatoka jikoni.

Nabalayo alimtajia jina la Mourine. Muthoni akasema anamjua. Anakaa kwenye plot yake ya Kabiro, chumba cha mwisho karibu na bomba. Alijiandikisha kuwa mke wa dereva wa masafa marefu, na kweli mume huyo huja jioni mojamoja tu. Muthoni hakuwahi kumwona uso.

"Mama Austin," alimwambia, "tutaenda pamoja. Lakini usiende kupigana."

Nabalayo hakuwa na nguvu za kupigana.

Walimkuta Mourine akimsuka mteja mlangoni, jua la asubuhi likimpiga mgongoni. Alikuwa msichana tu, labda amempita Austin kwa miaka michache. Alipomwona Nabalayo, vidole vyake vilisimama ndani ya nywele za mteja. Hakuuliza ni nani. Alimwomba mteja, aliyekwisha kusukwa nusu ya kichwa, arudi mchana, akawakaribisha ndani.

Mtoto alikuwa sakafuni akigonga sufuria na kijiko. Alikuwa na paji la uso la Walubengo. Nabalayo alimtazama mara moja, kisha akahakikisha hamtazami tena.

Alisema alichokuja kusema. Hakumtukana. Alimwambia kwamba ya mume watayazungumza siku nyingine, au wasiyazungumze kabisa. Alichotaka ni kitu kimoja. Kama aliwahi kumwona Walubengo na bastola, aseme ilikuwaje.

Mourine alimchukua mtoto, akamketisha mapajani.

Alisema alikuwa akiiona kila Walubengo alipofika. Alikuwa akiivua na kuiweka juu ya kabati ili mtoto asiifikie. Mpini wake ulikuwa na mpira wa tyubu. Yeye Mourine ndiye aliyekata mpira wenyewe, kwa makasi yake ya saluni.

Nabalayo alifunga macho. Muthoni, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimshukuru Mungu kwa Kikikuyu. Wiki zote hizo za kuitwa muuaji zilikuwa zimepata mwisho, na mwisho wenyewe ulikuwa katika kinywa cha msichana huyu ambaye Nabalayo alikuwa na kila sababu ya kumchukia. Alimwuliza kama angekubali kuyasema hayo mbele ya afisa.

"Nitasema, mama. Ukiniambia niseme, nitasema," Mourine alijibu. "Lakini kwanza uniulize hiyo siku bastola ilikuwa wapi."

"Ilikuwa wapi?"

"Si kwa Walubengo. Jioni hiyo alikuwa hapa. Mtoto alikuwa na homa, majirani wote walimwona akimbeba. Alikuja bila hiyo bastola. Alikuwa anaitafuta. Alisema aliiacha kwa droo ya gari na haiko."

Nabalayo alisubiri. 

Mourine alianza kulia kabla ya kusema. Mengine aliyatoa vipandevipande. Kwamba Walubengo alipigiwa simu akiwa bado pale, akatoka mbio bila viatu. Kwamba siku chache baadaye alirudi, akakaa kwenye kiti kile, akamweleza yote kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumweleza.

Austin alikuwa amempigia mama yake simu siku ile Shiundu alipofukuzwa dukani. Nabalayo aliikumbuka simu hiyo. Alikuwa amelia, akashindwa kujizuia, akamwambia mtoto kila kitu. Austin alikata simu. Kesho yake aliichukua bastola kwenye gari la baba yake. Alikuwa aende Kabiro kumtisha huyo mwanamke ahame, aiache familia yao.

Shiundu alikutana naye kijiani. Akaona kilichofura chini ya jaketi. Akamzuia, akamwambia ampe hiyo kitu, wakaanza kuvutana.

"Hakutaka kumpiga, mama," Mourine alisema. "Uncle yake ndiye aliyeshika kwanza. Ilitoka tu."

Mtoto aligonga kijiko. Muthoni alikuja akamshika Nabalayo mabega, kwa sababu alikuwa ameanza kuinama mbele taratibu, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka.

Hakulia. Aliuliza swali moja tu, kama Shiundu alikufa papo hapo. Mourine alisema hapana. Alisema Walubengo aliambiwa na Austin kwamba Shiundu alimwambia kijana akimbie.

 Akilini Nabalayo alimwona Shiundu akiwa mdogo, yatima aliyempokea siku zilezile alipofika kama bibi harusi, akimfuata kila mahali akishika ncha ya leso yake. Alikuwa amemwita mwongo. Na Shiundu akaenda akasimama mbele ya mtutu ili Austin asiue mtu.

Mahakama ilikuwa imemkataza kuonana na Walubengo. Alienda hivyohivyo. Alimkuta kwenye duka dogo la Kawangware, peke yake, akipanga mifuko ya unga ambayo ilikuwa tayari imepangwa. Alipomwona mkewe mlangoni, aliketi juu ya gunia.

Nabalayo alimuuliza kama alijua tangu mwanzo kwamba namba zimebadilishana. Akasema hakujua. Alijua palepale, polisi walipoisoma. Wakati huo Austin alikuwa amesimama nyuma yao koridoni, na Walubengo akaelewa kwa ghafla kwamba kosa la karani limemficha mtoto.

"Jioni hiyo nilikuwa Kabiro, mashahidi tele," alisema. "Wangesema bastola ni yangu, swali la pili lingekuwa ni nani mwingine aliishika. Nyumba ina watu watatu."

"Ukanichagua mimi."

"Nilikuwa na muda wa kupumua mara moja tu." Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyapangusa. "Mama Austin, nimekukosea makosa ambayo hayana mdomo wa kuombea msamaha. Lakini hilo moja niambie. Ingekuwa ni wewe umesimama hapo, ungemtaja nani?"

Nabalayo alitaka kumchukia kwa swali hilo. Alijaribu. Alisimama pale akiutafuta uchungu wake wa zamani, ule uliokuwa umembeba tangu seli, na hakuupata. Alichokipata ni jibu, na jibu lenyewe lilikuwa baya kuliko usaliti wowote. Aligeuka akaondoka bila kulisema.

Siku aliyopangiwa na Muia ilifika. Muthoni alivaa nguo ya kanisani. Mourine alikuja na mtoto mgongoni, akakaa kwenye benchi la nje bila kuzungumza na mtu. Njiani kote Muthoni alikuwa amemwambia Nabalayo maneno ya busara. Kwamba Austin ni kijana, na ilikuwa ajali, korti huangalia hayo. Kwamba akifungwa yeye Nabalayo kwa mauaji atatoka mzee, au hatatoka. Kwamba ukweli ukisemwa mapema huwa na huruma ndani yake.

Nabalayo aliyasikia yote. Aliona ni kweli tupu. Lakini kila alipofunga macho alimwona Austin langoni na mfuko wa nguo, akitazama barabara, akimwomba aache hiyo habari ya namba. Sasa alielewa mtoto alikuwa anaomba nini.

Nabalayo na Muthoni wakaitwa ndani.

Bastola zote mbili zilikuwa mezani ndani ya mifuko ya plastiki ya ushahidi, zimeletwa na askari wa upelelezi aliyesimama dirishani. Ile yenye mpira kwenye mpini na ile isiyo na mpira. Muia alirekebisha miwani yake, akamweleza Nabalayo utaratibu. Atasema bastola yake ni ipi. Kisha shahidi aliye nje ataitwa. Wakikubaliana, ombi la marekebisho litapelekwa mbele pamoja na maelezo ya mashahidi, na nakala itaenda mahakamani.

"Uko tayari, mama?"

Nabalayo aliiangalia ile isiyo na mpira. Mdomo wa bastola hiyo ulikuwa umekwaruzika siku ya kwanza ya mafunzo, ilipomponyoka ikaanguka kwenye saruji, na Walubengo akacheka, naye akacheka. Ilikuwa yake. Hakuwahi kumfyatulia mtu risasi nayo, na alikuwa ameiogopa kila siku aliyoibeba.

Alinyoosha mkono. Akaweka kidole juu ya ile nyingine.

"Hii," alisema. "Rekodi yenu iko sawa. Hakuna kilichokosewa."

Muthoni alimshika mkono. Alimwita jina lake la kuzaliwa, si Mama Austin bali Nabalayo, kwa sauti ya chini, mara mbili. Nabalayo hakugeuka. Alimwambia Muia kwamba anaondoa ombi lake la marekebisho. Kama kuna mahali pa kutia sahihi, amwonyeshe. Sauti yake ilikuwa imetulia kuliko siku zote alizofika pale akidai haki yake.

Askari wa upelelezi aliondoka dirishani akasogea karibu.

Muia hakumpa kalamu. Alivua miwani, akaiacha ining'inie kifuani, akamtazama mwanamke aliyekuwa mbele yake kwa namna ambayo Nabalayo hakuipenda, kwa sababu ilikuwa na huruma.

"Mama, kabla yako kuna mtu amefika hapa leo," alisema. "Alinisubiri nje ya geti ofisi ikiwa bado imefungwa. Alisema ana maelezo kuhusu hiyo bastola yenye mpira, kwamba ni ya baba yake, na kwamba wewe hujawahi kuishika."

Nabalayo alishika ukingo wa meza.

"Nikamuuliza amejuaje."

Nje, mtoto wa Mourine alianza kulia na mama yake akaanza kumbembeleza. Nabalayo alitazama mlango wa chumba cha pili, uliokuwa umerudishwa bila kufungwa, na kwa mara ya kwanza akaona kiatu kikubwa cha kijana mrefu, mguu wa mtu aliyeketi upande wa pili, aliyesikia kila neno.

"Amenijibu," Muia alisema. "Lakini sitakuambia alichonijibu. Nataka urudie wewe kwanza, huyu askari akisikia, na ufikirie vizuri. Hiyo bastola ni ya nani?"